Kidole gumba changu kiko wapi?

Leo siku ya nne na bado naisikia ile sauti. "Mwanangu, kidole gumba changu kiko wapi?"

Ni Mzee, yule wa adungu (kinubi cha Waalur) niliyewaambia katoka Nebbi, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mpaka huku Jinja, adungu yake kaipakata njia nzima. Nilimwekea miksi, yaani wimbo wake na vyombo vyote nilivyovipanga pamoja, nikijua kabisa atafurahi maana nilikesha nayo. Akasikiliza mpaka mwisho, kainamisha kichwa, halafu akaninyooshea kidole chenyewe, kina sugu pembeni, ndo akauliza. Nikamwambia, "Kipo Mzee, kimejificha kidogo tu." Akasema, "Haya." Hiyo haya ndo imeniuma. Hakugomba, alichukua kofia yake akaaga.

Na ukweli ni kwamba mimi ndo nilikikata, yaani zile noti nzito anazopiga kwa gumba. Kwenye grafu inayoonyesha sauti za chini na za juu nilikuwa naona kilima kimoja kinene huko chini, karibu na hezi 100 (hezi ni mitetemo kwa sekunde), nikasema basi adungu na gitaa la beisi wanagombania kiti kimoja, na kwa kuwa beisi ndo inabeba wimbo nikaiwekea adungu filta, kila kitu chini ya hezi 150 nje. Grafu ikawa safi kabisa. Wimbo ukabaki na nyuzi za juu tu, tin tin tin.

Jumamosi ilikuwa kwanjula ya Zaituni, ile sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, imeenda salama, mvua imetupiga, umeme ukakatika siku mbili, na mimi kichwani ni kidole gumba tu. Hiyo haya. Afadhali angenitukana.

Jana usiku umeme uliporudi nikafungua tena. Nikaangalia mipangilio ya ile grafu, kumbe dirisha lake, yaani kipande cha sauti inachopima kwa mara moja, lilikuwa la sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 1,024 tu! Ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, hapo kila hatua ya grafu ni kama hezi 43, yaani noti mbili za chini zilizokaribiana zinaonekana kitu kimoja. Nikapandisha mpaka 8,192, hatua ikashuka hadi hezi 5 na kitu, na kile kilima kikapasuka mbele ya macho yangu, beisi hezi 82, uzi wa gumba la Mzee hezi 110. Kumbe kila mtu alikuwa na kiti chake. Nikatoa filta, nikapunguza beisi desibeli 3 tu hapo kwenye 110 kwa zile sehemu inazopandia huko, nikairudisha mwanzo. Dum, dum, kikaja chenyewe chini ya sauti yake. Jamani nilicheka peke yangu saa nane usiku, nikarudia mara sijui ngapi.

Asubuhi nimempigia nimsikilizishe, simu imezimwa, labda chaji, nitajaribu jioni.

Ila nimefika studio nikakuta ukutani wamepaka alama ya X nyekundu, na namba 14 pembeni, rangi haijakauka vizuri. Jirani wa duka la spea anasema ni watu wa maji tu wanapima. Sasa mbona kwake hawakupaka?