Utaratibu haujazaa

Jumapili usiku, Ngamiani, Tanga.

Harusi ya Mwanaisha imepita salama, mtihani wa usalama wa kila mwaka wa sisi wahudumu wa ndege nimeufaulu, na mvua imenyesha siku nne mfululizo. Lakini kinachonikosesha usingizi ni neno moja la shangazi, alilolitoa Jumatatu akichagua mchele.

"Mnasema ndegeni mtu avae kinyago chake cha oksijeni kwanza, ndio amvishe mwanawe. Mama gani huyo?"

"Ndivyo utaratibu ulivyo, shangazi."

"Utaratibu haujazaa, mwanangu."

Akaendelea na ungo wake. Shangazi mnamjua, hakusema kwa ubaya. Kilichoniuma ni jibu langu. Miaka yote hii nasimama kwenye ujia wa ndege na kinyago mkononi, sababu naijua, na bado nikamjibu kama karani anayemfungia mtu dirisha.

Jibu lenyewe ni hili. Ndege ikiwa futi 35,000 na hewa ya ndani ikatoka ghafla, mtu ana kati ya sekunde 30 na 60 tu za akili timamu, pengine pungufu. Wala hasikii kukabwa, angekabwa angeshtuka. Kinachotangulia kuondoka ni akili na vidole. Anajiona mzima, pengine hata mchangamfu, kumbe kifungo cha shati hawezi tena kukifungua. Sasa mpe mtu huyo mtoto wa miaka miwili anayelia, anayegeuza uso, anayeng'oa mpira kichwani. Sekunde zinaishia hapo. Mama akizimia, mtoto hawezi kumvisha. Lakini mama akiwa ameshavaa, hata mwanawe akilegea kidogo, akivishwa oksijeni anazinduka.

Utaratibu haujazaa. Ni kweli, shangazi. Ila walioutunga walikuwa wanamhesabia mtoto.

Na kuvaa kwenyewe kuna mahali watu wanakosea. Kwenye ndege nyingi oksijeni ya abiria haimo kwenye mtungi, inatengenezwa papo hapo na kifaa cha kemikali kilichofichwa juu ya kiti. Kinyago kikidondoka lazima ukivute kwa nguvu mpaka mrija unyooke, maana mvuto huo ndio unaochomoa pini na kukiwasha kifaa. Ukiinamisha kichwa ukakifuata kinyago kule kilikoning'inia, unaweza kuvaa plastiki tupu. Kifuko kisipojaa, usivue, oksijeni inapita. Ukisikia harufu ya kitu kuungua, mara nyingi ni kile kifaa, hupata moto sana kikifanya kazi. Kina dakika kama 12 hivi, na rubani anazitumia kushuka mpaka futi 10,000, ambako watu wanapumua wenyewe. Mwenye kupakata mtoto asihofu pia: safu ya viti kwa kawaida huwa na kinyago kimoja cha ziada, ndiyo sababu hatukubali watoto wachanga wawili wakae safu moja upande mmoja.

La jaketi la kujiokolea majini ni vilevile. Twasema "usilijaze ukiwa ndani" tukaishia hapo. Novemba 1996 Boeing 767 iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaangukia baharini karibu na ufukwe wa Ngazija. Kati ya watu 175 walikufa 125, na miongoni mwao wamo waliojaza majaketi kabla ya kutoka. Maji yakipanda, jaketi lililojaa linakubana darini, na mlango uko chini yako. Mtu wa Tanga halihitaji maelezo marefu hili: nani anapiga mbizi na boya kifuani?

Majaketi hayo, kabla abiria hawajaitwa, tunayapitia kiti kwa kiti kwa mkono, kwa kuwa wapo wanaoshuka nayo. Mshale wa mtungi wa kuzimia moto uwe kwenye kijani, lakiri isiwe imekatika, tochi iwake. Pungufu lolote linafika kwa nahodha kwanza.

Maneno ya tangazo siwezi kuyabadili, yamepitishwa neno kwa neno. Lakini mama mwenye mtoto mchanga tunamfuata kitini tukazungumza naye peke yake, na hapo mdomo ni wangu.

Jana jioni nilirudi kwa shangazi. Nikamwambia, "Mvishe Nasri shati, mimi nahesabu." Nasri alikuwa ametoka kuoga, anateleza kama kambare, hataki. Nilipofika 30 mkono mmoja tu ndio ulioingia.

Shangazi akakaa kitako na shati mapajani.

"Ndio nusu dakika hiyo?"

"Ndio hiyo, shangazi."

"Basi si mseme hivyo!"

Nimefurahi kuliko nilivyofurahi na matokeo ya mtihani. Njia nzima nilikuwa nalirudia: basi si mseme hivyo.

Ila alipoinuka kumfuata Nasri uani niliona anaukokota mguu wa kushoto, na kidole kidogo amekifunga kitambaa. Anasema ni viatu vya harusini. Ana sukari, na kitambaa kilikuwa kimelowa. Kliniki yake pale Bombo ni Jumanne, na Jumanne mimi niko zamu ya alfajiri. Bado sijajua nani atampeleka.