Vile nilipima vidonge vya uyoga vya mamangu nikakuta ni wanga

Mamangu anakaa Umoja na huuza mboga hapo karibu na stage. Mwezi wa pili nilienda kumwona, kando ya dawa zake nikakuta mkebe wa vidonge vya reishi, ule uyoga mwekundu unaong'aa, ameuziwa na anti mmoja wa chama chao 3,500 vidonge 60. Alikua anameza viwili asubuhi viwili jioni, yaani mkebe siku 15 umeisha, so kwa mwezi ni 7,000 na huyu ni mtu anauza sukuma ya kumi kumi. Iliniuma sana.

Sina shida na uyoga wenyewe, Wachina wametumia reishi tangu zamani sana. Kitu kilinishtua ni ladha. Nilifungua kidonge kimoja nikaonja huo unga, nilikua najua reishi ni chungu, uchungu wa kukaa mdomoni kama mwarobaini, na huu ulikua mtamutamu kidogo kama unga wa mchele. Nikachukua miwani ya mama nikasoma lebo ya nyuma, mbele kuna picha ya uyoga mzima, lakini nyuma kwa herufi ndogo sana imeandikwa ni maiseliamu iliyokuzwa kwa mchele.

Hapo nikakumbuka jirani yetu wa zamani alikua analima uyoga wa oyster. Mbegu alikua ananunua kwa mfuko, ukiangalia ni mtama umefunikwa na nyuzi nyeupe kama pamba, zimeingia ndani ya kila punje, huwezi kabisa kuzitoa. Hizo nyuzi ndio maiseliamu. Sasa kampuni ikikuza hivyo kwa mchele alafu ikauke yote isagwe yote, unakula nyuzi pamoja na mchele wote uliobaki, na uyoga wenyewe, kofia na shina, haukuwahi hata kumea.

Na kuna ile namba kubwa wanaringa nayo, polisakaraidi asilimia 40, yaani sukari nyingi zilizoungana kama mnyororo mrefu. Wanga pia ni polisakaraidi jamani! Ugali ukipimwa hivyo utapita vizuri sana. Namba ya kuuliza ni beta-glukani, ile polisakaraidi ya uyoga wenyewe, na uulize wanga ni kiasi gani, ukipewa polisakaraidi peke yake bado hujajibiwa.

Nikaenda chemisti nikanunua aidini ile ya kupaka vidonda, kwa sababu ikigusa wanga inageuka bluu nyeusi. Vile nilifanya, nilichukua vikombe vitatu, kimoja nikaweka unga wa mahindi, kingine uyoga wa oyster mkavu niliousaga, cha tatu unga wa vidonge vinne, kila moja nikachemsha na maji kidogo kwa sufuria. Ile ya vidonge ikaanza kuwa nzito kama uji, mama amesimama hapo anaangalia hasemi kitu. Nikangoja zipoe kabisa, hii ni muhimu kwa sababu ikiwa moto rangi haishiki, alafu nikatia matone ya aidini. Oyster ikabaki kahawia kama chai ya rangi. Unga wa mahindi ukawa bluu nyeusi tii, na vidonge hivyo hivyo, ukiniwekea hivyo viwili singejua gani ni gani. Mama akasema tu, "Kumbe nimekua nikinywa uji."

Lakini mjue aidini inakuonyesha wanga tu, haikuambii kama hiyo ni reishi ya kweli, unga unaweza kukosa wanga na bado ukawa kitu kingine. Hiyo inataka maabara. 2017 kuna watafiti walipima saplimenti 19 za reishi zinazouzwa Marekani na ni 5 pekee zililingana na lebo, so hata za kutoka nje za bei usidhani ziko salama.

Kitu kingine nilifanya, na ningekua nimeanza nacho, ni kumpeleka mama na huo mkebe kwa mfamasia wa kliniki yake. Mama anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, na akaambiwa reishi ya kweli inaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu ukichanganya. Kwa hivyo ikiwa feki anapoteza pesa, ikiwa safi inaweza kumuumiza. Tukaacha siku hiyo hiyo.

Anti sikumgombeza, yeye pia aliamini na alikua anameza hizo hizo. Nilienda kwake na vile vikombe nikarudia mbele yake, akakaa kimya alafu akaniambia, "Mtoto wangu, mimi nimeuzia watu tisa." Akamrudishia mama 3,500 kwa M-Pesa. Tukaandika pamoja meseji kwa aliyemletea mzigo, tukauliza vitu viwili tu, beta-glukani ni asilimia ngapi na wanga ni asilimia ngapi. Alituma picha ya cheti kina mhuri na neno polisakaraidi. Tukauliza tena, na mpaka sai hajajibu.