Siku moja maishani mwangu: kwenye maabara ya kifua kikuu

Saa 1:30 asubuhi. Barakoa ya kuchuja hewa, gauni, glavu pea mbili. Nawasha kabati la usalama na kuliacha lingurume hadi hewa ndani yake itulie. Leo tuna makopo kumi na manne ya makohozi.

Saa 3:00. Hapa ndipo kazi inaponoga. Nafunika slaidi kwa rangi nyekundu ya fuksini, napitisha moto kwa chini mpaka mvuke ufuke, ila isichemke. Baada ya dakika tano naosha, namwaga asidi yenye spiriti, na mwisho naweka rangi ya buluu. Bakteria wa kawaida hupauka papo hapo. Wa kifua kikuu hawaiachii rangi. Siri yao ni ukuta wa seli uliojaa asidi za mikoliki, minyororo ya mafuta yenye kaboni 60 hadi 90, mizito kama nta. Kwenye slaidi ya tatu nawaona: vijiti vyembamba vyekundu, vimepinda kidogo, juu ya buluu. Nimewaona kwa miaka na bado moyo hushtuka, maana kila slaidi ni kifua cha mtu.

Saa 5:00. Kijana aliye mafunzoni ananiuliza, "Dada, kwa nini hatuwatibu kwa penisilini tu? Si nayo inabomoa ukuta?" Nimefurahi sana kuulizwa. Ni kweli, penisilini huzuia vimeng'enya vinavyofunga wavu wa peptidoglikani, tabaka la ndani la ukuta. Lakini bakteria huyu ana kimeng'enya kiitwacho BlaC, kinachoivunja dawa kabla haijafika. Tena, viungo vingi vya wavu wake hufungwa na vimeng'enya vya jamii nyingine, ambavyo penisilini haiviwezi. Antibiotiki ya meropenemu huviweza, na ikisindikizwa na klavulanati ya kumziba BlaC, huwasaidia baadhi ya wagonjwa wenye usugu mkali.

Saa 8:00 mchana. Majibu ya vinasaba. Kwenye ukanda wa kipimo wa mgonjwa mmoja, mstari wa kawaida wa jeni ya katG haupo. Umetokea ule wa mabadiliko kwenye nafasi ya 315. Nampigia daktari wake mara moja.

Isoniazidi, dawa tunayoitegemea tangu 1952, humezwa ikiwa haina makali. Anayeyaamsha makali hayo ni bakteria mwenyewe, kwa kimeng'enya chake cha KatG. Ikishaamshwa, hujishikamanisha na NAD, molekuli iliyomo ndani ya bakteria, na kuziba InhA, kimeng'enya kinachorefusha ile minyororo ya mafuta. Bila mafuta hayo, bakteria anayegawanyika hana ukuta wa kujengea, anakufa. Bakteria wa mgonjwa huyu wana KatG iliyobadilika kidogo tu, lakini inatosha: dawa inaingia, inabaki imelala.

"Basi niongeze dozi?" daktari anauliza.

"Daktari, kwa badiliko la katG hilo halitarajiwi kusaidia sana. Lingekuwa la inhA, usugu huwa wa chini, hapo dozi kubwa ina nafasi."

Namwambia pia kwamba rifampisini bado inafanya kazi kwake. Hiyo haigusi ukuta kabisa, huzuia bakteria kunakili jeni zake kuwa RNA. Tunazungumzia rifampisini, ethambutoli, pirazinamidi na levofloksasini kwa miezi sita. Ethambutoli nayo ni ya ukutani: huzuia vimeng'enya vinavyounga sukari ya arabinosi, ile inayobeba tabaka la nta. Daktari anasema atampima macho kwanza, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kudhuru neva ya macho. Nimeshukuru kusikia hivyo.

Saa 10:00. Nasoma tyubu za kuotesha bakteria. Moja imechafuka usiku mmoja, imekuwa kama maziwa. Bakteria wa kifua kikuu huchukua karibu siku nzima kugawanyika mara moja, wavamizi huchukua dakika tu, kwa hiyo mashindano hayapo. Wiki tatu za kusubiri zimepotea, na hilo linaniuma, kwa sababu mgonjwa alikuwa anasubiri pamoja nami. Naandika fomu ya kuomba sampuli nyingine, napiga simu kliniki, muuguzi anasema, "Tutampata leo leo."

Saa 11:30 jioni. Natoa glavu, nanawa. Nimemwachia kijana nafasi kwenye kabati la usalama kwa ajili ya kopo hilo jipya kesho asubuhi.