Bamvua ya Snettisham

Mtu aliyekulia Pangani, pwani ya Tanzania, hahitaji kufundishwa majira ya bamvua, yale maji makuu yanayojaa mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na ndiyo maana, nilipoanza kupanga likizo yetu ya kutazama ndege kwa karavani, kijumba cha kulala kinachovutwa na gari, katika pwani ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, nilitazama mwezi kabla ya kutazama bei. Bei zilituumiza baadaye. Uwanja tulioegesha karavani ulitutoza kwa usiku mmoja fedha ambazo zingetosha kulipia chumba cha nyumba ya wageni, na umeme ukalipiwa kando. Safari yenyewe, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ambao gari linalovuta karavani haliruhusiwi kuuzidi katika barabara za kawaida, haina la kusimuliwa.

Snettisham iko ukingoni mwa The Wash, ghuba pana yenye matope ambayo Norfolk inachangia na jimbo jirani la Lincolnshire. Maji yakipwa, ndege wa ufukweni hutawanyika mbali mno, wakidonoa kombe wadogo na minyoo. Wakati wa maji mafu, yaani maji yasiyojaa sana, hubaki matope ya kutosha wao kusimama. Bamvua huyafunika yote, nao hulazimika kuhamia kwa pamoja kwenye mashimo ya kale ya changarawe yaliyo nyuma ya ufukwe. Mwezi Oktoba bamvua hujaa asubuhi, muda mfupi baada ya jua kuchomoza, na faida kubwa ya karavani ni kwamba unalala karibu na maji hayo.

Usiku ule, hata hivyo, hatukulala. Mtungi wa gesi, ambao muuzaji alituhakikishia kuwa umejaa, uliisha usiku wa manane, na baridi ya Norfolk ikaingia hadi kwenye mito ya kulalia. Mke wangu alipendekeza kwamba, kwa kuwa tulikwisha kuvaa makoti, heri tutoke. Tulitembea gizani zaidi ya kilomita mbili, huku mabata bukini waliotoka Iceland na Greenland wakipita juu yetu kwa makelele wakielekea mashambani.

Kulipopambazuka tuliwaona: maelfu kwa maelfu ya vitwitwi wanene wa kijivu, ambao wanasayansi huwaita Calidris canutus, wazaliwa wa Greenland na kaskazini kabisa mwa Kanada. Maji yaliwasogeza hatua kwa hatua hadi kipande cha mwisho cha matope kikatoweka, na hapo wakaruka wote. Kundi lile liligeuka angani kama shuka linalokung'utwa, mara likiwa jeusi, mara jeupe, na lilipopita juu ya vichwa vyetu nilisikia upepo wa mabawa yao usoni. Kozi alipotokea, walibanana zaidi na kubadili uelekeo kwa ghafla isiyoelezeka. Kisha walimiminika ndani ya mashimo na kusimama bega kwa bega, hata ardhi isionekane. Mzee mmoja Mwingereza, aliyekuwa kando yetu katika kibanda cha kutazamia, alitusogezea darubini yake bila kuombwa, akatuachia muda mrefu. Mke wangu alilia, nami sikumuuliza sababu.

Katika darubini ile nilimwona pia sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda, na mawazo yangu yakarudi nyumbani. Sululu hutua kwetu kila mwaka wakitoka kaskazini, na bamvua ikijaa hukimbilia mashamba ya chumvi, jinsi hawa walivyokimbilia mashimo ya changarawe. Utoto wangu wote niliwapita nikienda kuvua, wala hakuna mkubwa aliyewahi kunionyesha. Katika Mida, karibu na Watamu nchini Kenya, ipo njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Natamani kila pwani yetu ingekuwa nayo.

Nimemwomba kaka yangu aliyebaki Pangani aende kwenye mashamba ya chumvi bamvua ijayo, awahesabu sululu, anitumie idadi. Amekubali kwa sharti la kutumiwa darubini. Nimeanza kuitafuta iliyotumika, kwa maana zile mpya nilizoziona zinazidi hata gharama za uwanja wa karavani.