Masika, Wingu na Sekunde Tatu

Leo asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu nianze mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vifaa, mwalimu wangu hakunivisha ile kofia yenye ukingo mrefu inayomzuia mwanafunzi kuona nje. Haikuhitajika. Masika yameshika, na wingu lilikuwa limetanda juu ya Unguja, tumbo lake kwenye futi 800 hivi.

Tuliruka kuelekea kusini, na kabla hatujafika usawa wa kisiwa cha Chumbe tulikuwa tumeshamezwa. Ukiwa umevaa kofia, mwanga wa jua hupenya pembeni, kivuli cha bawa hupita juu ya mapaja, na mwili huiba habari bila mwenyewe kujua. Ndani ya wingu hakuna cha kuiba. Kioo kilikuwa cheupe kama shuka, na matone yalikuwa yakikimbia juu yake kwa michirizi myembamba. Nilipomaliza mgeuko mrefu wa kushoto na kusawazisha mbawa, mwili wangu wote uliniapia kwamba sasa tunageuka kulia.

Sababu yake nilikwishaisoma. Ndege ikigeuka kwa mwendo uleule kwa sekunde 20 hivi, majimaji ya sikio la ndani hutulia na mtu huacha kuuhisi mgeuko. Akinyooka, majimaji husukumika upande wa pili, na akili hupokea mgeuko usiokuwapo. Kuijua sababu hakukunisaidia. Mkono ulianza kuurudisha usukani kushoto, na upeo bandia, kifaa kinachoonyesha mlalo wa ndege, ukaonyesha mbawa zimeinama nyuzi 5, kisha 10.

"Soma mita, mwanangu," mwalimu alisema kwa upole. "Sikio liache liseme."

Nikasoma mita. Upeo, mwelekeo, upeo, altimita inayopima kimo kwa shinikizo la hewa, upeo, kasi. Nilihakiki tena shinikizo la hewa tulilopewa na mnara, kwa kuwa kosa la hektopaskali 4 tu lingetuweka zaidi ya futi 100 chini ya pale tunapodhani tupo, na njia ya kutulia ya 36 humleta rubani juu ya bahari, isiyo na mti wala nyumba ya kumzindua. Mteremko wa nyuzi 3, kwa mwendo wa noti 90 (maili 90 za baharini kwa saa), unataka kushuka futi 480 kwa dakika, yaani futi 8 kila sekunde.

Futi hizo 8 ndizo zinazonikosesha usingizi usiku huu. Tulikuwa tumekubaliana kuongeza futi 200 juu ya kima cha uamuzi, yaani kimo ambacho rubani asipoona taa za njia hupanda tena, kilichochapishwa kwenye chati, na tulipokifika kima chetu, mvua ilikuwa imeliteremsha wingu na sikuona kitu. Nilipaswa kupandisha palepale. Badala yake nilisubiri, labda sekunde 3, nikitamani taa zijitokeze, hadi mwalimu aliposema, "Tunapanda, mwanangu?" ilhali mkono wake ulikuwa tayari kwenye mpini wa nguvu. Haikuwa kutojua, ilikuwa hamu ya kutua, na hamu hiyo naiogopa kuliko sikio.

Safari ya pili, kabla ya kuanza kushuka, nilitamka kwa sauti: "Nikifika kima bila kuona taa, napanda." Taa zilionekana tukiwa bado na futi kadhaa juu ya kima, zikiwa zimelowa na za manjano, sawasawa mbele ya pua.

Katika kitabu changu cha safari nimeandika: dakika 41 ndani ya wingu, mikaribio 2, kutua 1. Pembeni, kwa penseli, nimeongeza: sekunde 3.