Daftari la Kabati: Jinsi Nilivyoacha Kununua Nguo Ovyo

Siku niliyotoa nguo zangu zote kabatini na kuzitandaza kitandani, nilihesabu 143, na kati ya hizo 19 zilikuwa bado na lebo ya dukani. Nilisimama pale kwa muda mrefu nikiwa na fadhaa, kwa sababu kwa miaka mingi nilijihesabu kuwa mtu anayejali mazingira, ilhali karibu kila mwezi nilileta nyumbani nguo mpya ambayo sikuwa na haja nayo.

Jioni ile nilichukua daftari, nikaandika kila nguo katika mstari wake, na nikajiwekea sharti moja tu: kila ninapoivaa nguo, nichore alama mbele ya jina lake. Baada ya miezi mitatu nguo 31 zilikuwa zimefanya karibu kazi yote, na nyingi kati ya zile zilizobaki hazikuwa na alama hata moja. Sikuhitaji mtu wa kunieleza zaidi ya hapo, ingawa nilianza pia kusoma kuhusu gharama ya vitu hivi nilivyokuwa nimevirundika.

Kwa makadirio yanayotumiwa sana, fulana moja ya pamba hugharimu takriban lita 2,700 za maji, kuanzia shambani hadi inapokamilika. Nilipoigawa hesabu hiyo kwa alama za daftari langu, ilinikaa moyoni kwa namna ambayo onyo la jumla lisingeweza: fulana iliyovaliwa mara 5 imekula lita 540 kwa kila mara, na ile iliyovaliwa mara 100 imekula lita 27. Maji hayo hutoka mahali fulani. Bahari ya Aral, ambayo kwa hakika ni ziwa na lililokuwa la nne kwa ukubwa duniani, ilianza kukauka miaka ya 1960 baada ya serikali ya Kisovieti kuchepusha mito ya Amu Darya na Syr Darya ili kumwagilia mashamba, hasa ya pamba. Tena pamba si mhusika pekee, kwa kuwa zaidi ya nusu ya nyuzi zinazotengenezwa duniani leo ni poliesta, ambayo hutokana na mafuta ya petroli na haiozi kama pamba inavyooza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka kuondokana na mzigo haraka. Nilijaza mifuko minne, nikaitoa kama msaada, nikarudi nyumbani nimepumua. Baadaye nilijifunza kwamba nguo zinazokosa mnunuzi huendelea kusafirishwa kutoka nchi hadi nchi, na kwamba nyingine huishia katika milima ya taka kwenye jangwa la Atacama nchini Chile. Nilijifunza pia kwamba chini ya asilimia 1 ya malighafi ya nguo hurudi kuwa nguo mpya, kama taasisi ya Ellen MacArthur Foundation ilivyoeleza katika ripoti yake ya mwaka 2017. Nilikuwa nimeihamisha taka yangu tu. Kishawishi cha pili kilikuwa cha hila zaidi: nilitamani kununua kabati zima la nguo zilizoandikwa kuwa rafiki kwa mazingira, wakati nguo isiyodai tone jipya la maji ilikuwa ile iliyokwisha kutengenezwa na kuning'inia nyumbani kwangu.

Kwa hiyo nilijifunza kushona, na hapa ndipo nilipotumia muda wangu mwingi. Nilianza na vifungo na mapindo yaliyofumuka, kazi ambayo yeyote mwenye sindano huimudu kwa siku moja. Zipu inayoachana nyuma ya kishikio niliitengeneza kwa kukibana kishikio chenyewe kwa koleo, polepole, upande mmoja kisha wa pili, maana kikibanwa sana huvunjika. Suruali za jinzi, ambazo huchakaa mapajani kwa msuguano, nilizitia kiraka kwa ndani kabla tundu halijatokea. Sweta ya sufu iliyotoboka kiwikoni niliitililia: nilitandika nyuzi sambamba juu ya tundu, nikapitisha uzi mwingine juu na chini ya zile za kwanza, hadi kikatokea kipande kidogo cha kitambaa kipya. Mara ya kwanza nilivuta uzi mno na kiwiko kikakunjamana, nikalazimika kufumua yote na kuanza upya.

Kufua nako kulibadilika. Sasa nafua nguo ikiwa imechafuka kweli, kwa maji baridi, na ile ya poliesta naifua kwa nadra zaidi, kwa kuwa kila inapofuliwa huachia nyuzi ndogo mno za plastiki zinazofuata maji hadi mitoni na baharini.

Bado nanunua nguo, lakini kwa taratibu. Nguo niliyoitamani naiandika nyuma ya daftari na kusubiri siku 30, na tamaa nyingi huwa zimekwisha kufifia kabla ya siku hizo kutimia. Ikibaki, naitafuta kwanza miongoni mwa zilizokwisha kuvaliwa, kisha naigeuza ndani nje: natazama kama mshono umeachiwa kitambaa cha kutosha kupanuliwa, kama nyuzi zimesokotana vizuri, na kama lebo inataja aina moja ya uzi, kwa sababu mchanganyiko wa pamba na poliesta ni mgumu sana kutenganishwa ili utumike upya. Vazi la shughuli ya siku moja naazima.

Mwezi uliopita kola ya shati langu jeupe ilichakaa kwenye mkunjo. Nilifumua mshono unaoishikilia, nikaigeuza ili upande uliolika ulale chini na ule uliojificha utokee juu, kisha nikaishona pale pale. Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili. Shati hilo lilikuwa na alama 118 siku nilipolifumua, na tangu hapo limeongeza 6.