Kufuli la chumba kitupu

Mwezi Machi mwaka jana, mimi na mwenzangu wa kazini tulipanga nyumba ya vyumba viwili na sebule huko Sinza, kwa kodi ya shilingi 300,000 kwa mwezi. Kama ilivyo desturi ya Dar es Salaam, baba mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 1,800,000, na dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja juu yake. Kila mmoja wetu alitoa nusu. Mkataba ulikuwa ile fomu ya kununua steshenari yenye nafasi ya mpangaji mmoja tu, kwa hiyo jina la mwenzangu lilibanwa juu ya langu kwa kalamu ya rangi nyingine.

Katikati ya Mei alipata kazi Dodoma, akahama ndani ya siku nne. Wiki iliyofuata alinipigia simu kudai shilingi 525,000, ambazo ni nusu yake ya kodi ya miezi mitatu na nusu iliyobaki.

Hapo ndipo nilipoona jinsi malipo ya mkupuo yanavyoupindua ugomvi wa namna hii. Kodi ingekuwa inalipwa kila mwisho wa mwezi, mimi niliyebaki ndiye ningemsaka yeye ili azibe pengo lake. Lakini kwa kuwa fedha zote zilikwisha kuingia mfukoni mwa mwenye nyumba, aliyeondoka ndiye aliyejiona amedhulumiwa, na mtu pekee wa kumshika alikuwa mimi. Mwenye nyumba tulipomfuata alijibu kwa utulivu kwamba yeye alipangisha nyumba, hakupangisha urafiki. Jibu hilo lilinikera, ingawa hakuwa mbali na sheria: chini ya Sheria ya Mikataba, Sura 345, watu wawili wakiahidi jambo kwa pamoja, aliyeahidiwa anaweza kumbana yeyote kati yao alitimize lote, isipokuwa kama walikubaliana vingine, na aliyebanwa ndiye atakayemgeukia mwenzake kudai mchango wake.

Nami sikuwa msafi. Mwishoni mwa Mei mwenzangu alikuja kuchukua vyombo vyake vya mwisho, akamkuta binamu yangu amelala chumbani mwake, ambamo nilikuwa nimemlaza siku tatu bila kuomba ruhusa. Hakusema neno. Alikwenda dukani, akanunua kufuli, akafunga mlango na kurudi Dodoma na funguo zote mbili. Kwa mwezi mzima nilipita kila jioni mbele ya mlango ule, nikijua kwamba ndani mna ndoo moja na kalenda ya ukutani. Umeme wa LUKU nikawa nanunua peke yangu, pamoja na ile kodi ya jengo ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa humo humo na ambayo kwa haki ni deni la mwenye nyumba.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alitusikiliza kwa zaidi ya saa nzima, mwenzangu akiwa kwenye spika ya simu, kisha akauliza swali moja.

“Mwanangu, hilo kufuli ni la nani?”

Mwenzangu akajibu kuwa ni lake.

“Basi wewe hujahama.”

Funguo zilitumwa kwa basi. Tarehe 1 Julai aliingia dada mmoja muuguzi, akatoa shilingi 300,000 za miezi miwili iliyobaki, nami nikamtumia mwenzangu zote siku hiyo hiyo. Niliongeza shilingi 75,000 kwa wiki mbili za mwanzo kabla ya kufuli, kwa sababu, nikisema kweli, nilizitumia kufurahia ukimya badala ya kutafuta mtu wa kuingia. Mwezi wa kufuli nilikataa kuulipa, na bado nakataa.

Kabla ya kulipa tena mwezi Septemba, mimi na muuguzi tuliandikiana karatasi yetu wenyewe, isiyomhusu mwenye nyumba: anayetaka kuhama atoe taarifa ya siku thelathini, amtafute wa kuingia mahali pake ambaye mwenzake atamridhia, na arudishiwe kile tu ambacho mgeni huyo atakitoa. Muuguzi aliomba tuongeze kwamba hakuna ndugu atakayelazwa katika chumba cha mwenzake bila ruhusa, nikasaini bila kuuliza amelisikia wapi.

Mwenzangu bado anadai shilingi 150,000 na kufuli lake. Kufuli nimekubali kulirudisha.